Wimbo wa Kubembeleza Mtoto Ulivyovushwa hadi Kinandani: Maelezo ya Istilahi Moja kutoka Ifakara

Katika kazi ya kuunda istilahi, maswali magumu mara nyingi hayatoki katika mikutano mikubwa ya wataalamu. Hutoka kwa mtu mmoja aliyekwama katikati ya kazi yake, akakosa neno. Barua iliyozaa makala haya ilitoka Ifakara. Mwandishi wake ni mwalimu wa kwaya, naye alikuwa amepata karatasi za muziki wa piano: wimbo wa Johannes Brahms wa kubembeleza mtoto. Kwa asili wimbo huo huimbwa kwa sauti ya mtu ikisindikizwa na piano. Katika karatasi zile mwimbaji ameondolewa, na kazi yote imeachiwa mikono miwili ya mpigaji.

Juu ya karatasi yameandikwa majina mawili: la mtunzi, na la mtu aliyeufanyia wimbo ule kazi hiyo ya pili. Mwalimu alitaka kuandika ratiba ya sherehe kwa Kiswahili. Jina la kwanza halikumsumbua, maana "umetungwa na" ni maneno yanayojulikana na kila mwanakwaya. La pili lilimshinda. Alijaribu "umetafsiriwa na", wanakwaya wakamwuliza umetafsiriwa kutoka lugha gani kwenda lugha gani, ilhali hauna maneno hata moja. Akajaribu "umenakiliwa na", ikawa kana kwamba mtu yule alikuwa karani wa kupiga chapa. Mwishowe akaliandika jina tupu chini ya jina la Brahms, kisha akatuletea swali.

Hatuna budi kukiri kwamba tulimjibu upesi mno. Rasimu yetu ya istilahi za muziki ilikuwa tayari na neno "unukuzi", nasi tukampelekea hilo. Jibu lake lilikuwa la adabu, lakini halikuwa la kuridhika. Aliuliza: kama huyu aliyeutoa wimbo kooni akautia kinandani ni mnukuzi, basi yule anayekaa na bibi kijijini akausikiliza wimbo wake na kuuandika kwa nota ataitwaje? Tulipotazama rasimu yetu tuliona kwamba naye tumemwita mnukuzi. Kazi mbili zisizofanana, neno moja. Ndipo tulipoona inafaa kuifuatilia historia ya jambo hili tangu mwanzo, na baadaye kwenda Ifakara kuiona kazi yenyewe.

Tuanze na wimbo. Brahms aliutoa mwaka 1868 katika kitabu chake cha nyimbo chenye nambari 49, ambamo huu ni wa nne. Aliutunga kwa ajili ya Bertha Faber wa Vienna, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kiume, Hans. Beti ya kwanza ilitoka katika mkusanyiko maarufu wa mashairi ya jadi ya Kijerumani uliotolewa mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo tangu hapo palikuwa na mikono zaidi ya mmoja: maneno ya watu wasiojulikana majina, na sauti za mtunzi anayejulikana.

Lakini kuna mkono wa tatu, nao ndio unaotuhusu. Miaka kama tisa kabla ya hapo, Bertha alipokuwa bado msichana, alikuwa mgeni mjini Hamburg na aliimba katika kwaya ya wanawake iliyoongozwa na Brahms. Huko alizoea kumwimbia Brahms wimbo mmoja wa mapenzi wa kwao Austria, wenye mwendo wa dansi ya mapigo matatu. Brahms hakuusahau. Alipotunga wimbo wa kumbembelezea Hans aliuchukua ule wa mapenzi, akauficha katika sehemu ya piano, ukigonga kati ya mapigo, chini ya sauti ya mama. Alimweleza mume wa Bertha kwamba wakati mama anamwimbia mtoto alale, yeye baba anamwimbia mama mapenzi. Mtu asiyejua hasikii kitu ila mwendo wa kubembea. Mwenye kujua husikia nyimbo mbili.

Hebu sasa msomaji afikiri juu ya mtu anayetaka kuupiga wimbo huo kwa piano peke yake. Mwimbaji ameondoka, sauti yake haina budi kubebwa na vidole. Sehemu ya piano iliyokuwa ikimsindikiza nayo lazima ibaki, kwani ndimo ulimo ule mwendo wa kubembea na ule wimbo uliofichwa. Chini kabisa kuna sauti ya msingi inayorudiwa karibu kila hesabu kama mguu unaosukuma bembea. Kazi ya watu wawili inafanywa na mmoja. Na piano yenyewe ina kasoro ambayo koo halina. Kinyundo hugonga nyuzi, mlio hutoka, na tangu papo hapo mlio ule huanza kufa. Mama akishika sauti moja anaweza kuianza kwa upole, akaikuza, akaishusha. Mpiga piano hawezi. Akishaligonga amekwisha, yaliyobaki ni kanyagio la kuuacha mlio uendelee kwa muda, na ujanja wa kuzipiga sauti nyingine kwa wepesi ili ile moja isikike kama inaimba.

Ndiyo maana wapiga piano wakubwa waliofanya kazi hii hawakutoa kitu kimoja. Mfaransa Alfred Cortot alikuwa na wake, akaurekodi. Mwaustralia Percy Grainger alitoa wa kwake mwaka 1923, naye akaueleza waziwazi kuwa ni mpangilio huru, maana aliongeza sauti za katikati ambazo Brahms hakuziandika. Ukiziweka karatasi zao mbele yako, wimbo ni ule ule na kazi ni mbili. Kila mmoja ameamua kipi kiachwe na kipi kiokolewe. Hapa neno "nakala" linaanguka lenyewe, kwa kuwa nakala mbili za hati moja zikitofautiana, basi mojawapo ni mbovu.

Brahms mwenyewe hakuwa na subira na wingi wa matoleo. Mchapishaji wake alipokuwa akiutoa wimbo huo katika sauti za juu na za chini na kwa ala mbalimbali, alimwandikia kwa mzaha kwamba ingefaa pia litolewe toleo la ngazi ya huzuni kwa ajili ya watoto watukutu au wagonjwa. Mzaha huo unatuonyesha kwamba hata katika uhai wa mtunzi wimbo ulikuwa umekwisha kumtoka mkononi.

Neno ambalo Wazungu wanalitumia kwa kazi hii nalo lina historia yake. Limetoka katika Kilatini, na maana yake ya asili ni kuandika kwa kuvusha, yaani kutoa maandishi upande huu na kuyapeleka upande wa pili. Lilikuwa neno la makarani na watawa walionakili vitabu. Aliyelitia nguvu katika muziki wa piano ni Franz Liszt katika karne ya 19, alipozihamishia kinandani nyimbo za Schubert na kazi za bendi kubwa. Zama hizo hapakuwa na santuri wala redio. Fonografu ya Edison ilikuja mwaka 1877. Mtu wa mji mdogo aliyetaka kuisikia kazi kubwa alikuwa na njia moja tu: piano ya nyumbani na karatasi za mtu kama Liszt. Kwa hiyo kazi hii ilikuwa chombo cha uchukuzi kabla ya kuwa sanaa ya maonyesho.

Maana ya pili ilizaliwa baadaye, na ilizaliwa kwa sehemu katika nchi yetu. Mwaka 1900 ilianzishwa mjini Berlin hazina ya sauti zilizorekodiwa kwenye mitungi ya nta. Wasafiri na maofisa wa Kijerumani walichukua mashine hizo hadi Afrika ya Mashariki. Karl Weule alirekodi nyimbo katika kusini mwa nchi mwaka 1906, wakati vita vya Maji Maji vilikuwa havijaisha. Kutoka Unyamwezi zilipelekwa nyingine. Erich von Hornbostel alikaa Berlin akaisikiliza mitungi hiyo, akaziandika sauti zake kwa nota za mistari mitano, na mwaka 1909 akatoa makala juu ya nyimbo za Wanyamwezi. Nayo kazi hii Wazungu waliiita kwa neno lile lile. Hapa hapana ala inayobadilishwa na ala nyingine; sikio linasikia na mkono unaandika. Waimbaji hawakuwapo chumbani, wala hawakuulizwa kama alichokiandika ndicho walichokiimba.

Kama Wazungu wameridhika na neno moja kwa kazi mbili, hiyo ni shauri yao. Lugha inayounda istilahi sasa haina haja ya kurithi mkanganyiko wa wengine.

Tugeuke kwetu. Jina la ala yenyewe linatufundisha. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939, ile iliyosimamiwa na Frederick Johnson, inalipa neno "kinanda" eneo pana sana: ala za nyuzi za aina nyingi, na piano, na ala nyingine za kigeni pia. Pwani ya Lamu neno hilo limetumika hata kwa mtindo mzima wa muziki uliokuwapo kabla taarabu haijavuma. Huku bara, katika makanisa, kinanda kikawa ile ala ya upepo inayokanyagwa kwa miguu, na siku hizi ni ile ya umeme. Wananchi hawakuona tabu. Kilichopigwa kwa vidole kikatoa sauti nyingi kiliitwa kinanda, na aliyetaka kubainisha alisema "kinanda cha kukanyaga" au "piano". Sisi wa ofisini ndio tunaotaka kila kitu kiwe na neno lake, na mara nyingine tunastahili kuchekwa kwa hilo.

Tofauti hiyo ya ala, hata hivyo, ni kubwa kwa jambo letu. Kinanda cha upepo hushika sauti muda wote kibonyezo kinapobonyezwa. Mlio haufi. Kwa hiyo wimbo uliohamishiwa piano ukipigwa kwa kinanda cha upepo bila kubadilishwa, ule ujanja wote wa kuficha kufa kwa mlio hugeuka msongamano wa sauti. Mpiga kinanda wa kanisani aliyepata karatasi za piano alilazimika kuuhamisha wimbo mara ya pili, kwa akili yake mwenyewe, papo kwa papo.

Katika bonde la Kilombero ala hizi zilikuja kwa njia ya misheni. Wabenediktini wa Ujerumani walianza Kwiro, huko Mahenge, mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1921, baada ya vita kuu ya kwanza, mahali pao katika eneo hilo palichukuliwa na Wakapuchini kutoka Uswisi. Uhusiano wa Ifakara na Uswisi umedumu tangu hapo, kwanza kwa dini na hospitali, kisha kwa sayansi: Profesa Rudolf Geigy wa Basel alifika Ifakara mwaka 1949, na mwaka 1957 ikaanzishwa hapo maabara ambayo imekua kuwa taasisi ya utafiti wa afya inayojulikana dunia nzima kwa kazi yake juu ya malaria. Kwa hakika bonde hili limeipa idara yetu maneno mengi ya mbu, chandarua na dawa kuliko ya muziki.

Muziki uliofundishwa misheni ulikuwa wa kuimba kwa sauti nne, na njia iliyoenea sana katika kwaya zetu kwa jumla ni ile ya herufi badala ya nota za mistari, iliyokuzwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19. Njia hii ina tabia moja inayofaa kuangaliwa. Herufi hazisemi wimbo uanze juu kiasi gani. Zinasema tu kila sauti iko wapi katika ngazi. Wimbo wa Brahms, unaoanza kwenye sauti ya 3 ya ngazi, hubaki vile vile uimbwe na watoto au na wazee wa besi. Mwanakwaya aliyelelewa na herufi tayari anajua kwamba wimbo ni kitu kinachohama. Mwalimu wetu wa Ifakara ni wa malezi hayo, na tunaamini ndiyo sababu hakuridhika na neno "nakala".

Yafaa tukumbuke pia mwaka 1963. Tarehe 4 Desemba mwaka huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya liturujia. Ibara yake ya 119 inataka muziki wa asili wa watu wa nchi za misheni upewe heshima na nafasi yake. Ibara ya 120, inayofuata papo hapo, inakisifu kinanda cha mabomba. Mwaka huo huo padre wetu Stephen Mbunga, mwanamuziki na msomi, alichapisha nchini Uswisi utafiti wake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Tangu hapo ngoma zimeingia kanisani. Lakini tukiangalia ni nyimbo zipi zilizoingia, tutaona kwamba ni zile za hadhara: za ngoma, za kazi, za sherehe. Wimbo wa mama na mtoto haukuingia, kwa kuwa hauna hadhara. Mtoto anayeimbiwa ni mmoja, naye shabaha yake ni kusinzia.

Kiswahili kina maneno ya nyimbo hizi. Vitabu vya fasihi simulizi vinaziita "bembezi" au "bembelezi"; "tumbuizo" nalo hutajwa, ingawa maana yake ni pana zaidi, kwani hata mtu mzima hutumbuizwa. Wajerumani wameuita wimbo wa Brahms kwa jina la kitanda cha mtoto cha kubembea, na Wafaransa kwa kitendo cha kukibembeza. Kiswahili kimeshika tendo la kumtuliza. Tunaona ni bora hivyo, maana katika bonde la Kilombero hapakuwa na kitanda cha kubembea. Mtoto alikuwa mgongoni kwa mbeleko, na mwendo wa wimbo ulikuwa mwendo wa mgongo: wa kutwanga, wa kutembea, wa kupalilia mpunga.

Tulikwenda Ifakara wakati wa mpunga kukomaa. Anayejua bonde hilo atakumbuka hali yake. Mto hufurika, maji hutanda nyanda pana ambazo tangu mwaka 2002 zimo katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu, na wakulima huhamia mashambani kwa miezi, wakikaa katika madungu yaliyoinuliwa juu ya nguzo ili kuwafukuza ndege na nguruwe. Wandamba, Wambunga, Wapogoro na Wabena wa mitoni wamelima hivyo vizazi na vizazi, na siku hizi wapo pia wengi waliokuja kwa reli ya TAZARA tangu miaka ya 1970 na wasioondoka. Mtoto mchanga huhamia dungu pamoja na mama yake. Usiku wa mashambani ni wa mbu na kelele za vyura, na wimbo wa kumlaza mtoto huko si pambo.

Mwalimu alitupokea nyumbani kwake, ambako ana kinanda cha umeme kilichowekwa juu ya meza na kufunikwa kanga kwa ajili ya vumbi. Alitupigia Brahms. Hatutasema alipiga kama Cortot. Kinanda kile hakina kanyagio, na umeme ulikatika mara mbili. Lakini tulisikia alivyolitatua tatizo la kukosa kanyagio kwa kuziacha sauti za kati zisimame huku kidole kidogo kikiimba. Yaani naye alikuwa ameuhamisha tena, kutoka piano kwenda kinandani. Nje, mtoto wa jirani alikuwa na kidude cha plastiki cha kuchezea ambacho ukikibonyeza kinatoa wimbo ule ule wa Brahms, bila jina la mtunzi wala la mwingine yeyote.

Baadaye alitupeleka kwa bibi mmoja wa ukoo wa mkewe, Mndamba, mama wa wajukuu wengi. Tulimwamkia, akatukaribisha, na mwalimu akamweleza kwamba wageni hawa ni watu wa lugha. "Bibi," akasema, "waimbie ule uliokuwa ukituimbia watoto kule shambani." Bibi alicheka. Alisema hawezi kuuimba bila mtoto. Akaletwa kitukuu, akampakata, na akaanza kumpigapiga mgongoni kwa kiganja. Wimbo ulikuwa mfupi, kwa Kindamba, sentensi mbili zikizunguka. Kiganja hakikwenda pamoja na sauti. Kilikuwa na mwendo wake, na maneno yaliangukia kati ya mapigo yake. Tulitazamana na mwalimu, kwani wote wawili tulimkumbuka Bertha Faber.

Mwalimu aliandika kwa herufi. Mara mbili alisimamishwa na sauti ambayo haikuwa katika ngazi yake, iliyoangukia katikati ya herufi mbili. Aliiwekea alama yake mwenyewe. Kiganja alikiandika mstari wa chini. Kisha akauliza swali la mwandishi wa muziki, kwa kuwa karatasi inataka mstari wa mwisho: "Bibi, unaishia wapi?"

"Mtoto akilala," akajibu.

Mwalimu alingoja. Bibi akaona kwamba hajaelewa, akaongeza: "Asipolala hauishi, mwanangu. Hata mimi sijui mwisho wake, mama yangu aliniimbia nikalala."

Jioni ile mwalimu alijaribu kuutia wimbo kinandani. Mkono wa kushoto ulichukua kiganja, wa kulia ukachukua sauti. Sauti ile ya katikati haikupatikana, kwani kinanda hakina kibonyezo chake. Akapiga viwili vya jirani kwa pamoja, ikatokea kitu kinachofanana nayo kwa mbali. Mwishoni hakuweka mwisho. Alipunguza tu nguvu akarudia, akapunguza akarudia, mpaka akaacha. Haukuwa wimbo wa bibi, na mwalimu alikuwa wa kwanza kusema hivyo. Lakini ulikuwa umefika mahali ambapo haujawahi kuwapo.

Hapo ndipo alipotumia neno ambalo hatukuwa nalo katika rasimu. Alisema, kama mtu asemaye jambo la kila siku, "Kuuandika niliuandika, lakini kuuvusha bado." Tulimwuliza amelitoa wapi. Akasema kwaya yao husema hivyo kwa wimbo wowote unaotolewa kwa waimbaji ukapelekwa kwenye ala. Watu wa Ifakara wameishi na kivuko. Kabla ya daraja la Kilombero kuzinduliwa mwaka 2018, kila kilichokwenda Mahenge kilivushwa: watu, mchele, wagonjwa, ng'ombe, na bila shaka vinanda. Kilichovushwa hufika ng'ambo ni kile kile, lakini kimelowa kidogo, na aliyekivusha hudai nauli yake.

Tulilipeleka neno hilo kwenye kikao cha kwanza cha kuijadili rasimu. Mjumbe mmoja alisema kwamba "uvushaji" utawafanya watu wafikirie magendo, na kikao kikacheka. Mwingine alipendekeza "upangaji", ambalo lina sifa ya kuwa tayari linatumika, lakini halisemi kwamba kitu kimetoka mahali kikaenda mahali. Mtu aweza kupanga wimbo kwa kwaya ile ile. Mwingine alitetea "unukuzi" kwa kazi zote mbili, akisema neno moja lenye maana mbili si dhambi. Sisi tulitoa hoja ya asili: "nukuu" na "nakili" zote zimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu ambao maana yake ya kwanza ni kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali. Kwa hiyo Kilatini, Kiarabu na kwaya ya Ifakara wameliona jambo moja kwa jicho moja. Hoja hiyo iliwapendeza wajumbe, lakini haikuwageuza.

Pengine msomaji ataona kuwa huu ni ubishi wa watu wenye nafasi. Kuna jambo moja linalotufanya tusiuache. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya mtu aliyepanga au kubadili kazi ya mwingine kama kazi inayojitegemea, na sehemu nyingine ya sheria hiyo inazilinda sanaa za jadi za jamii. Sasa tuseme wimbo wa Kindamba umechapishwa kwa ajili ya piano na kuuzwa. Juu ya karatasi litakuwapo jina moja, na neno moja mbele ya jina hilo. Neno likiwa "umetungwa na", bibi na mama yake na Wandamba wote wamefutwa kwa wino. Likiwa "umenukuliwa na", mwalimu aliyehangaika na mikono miwili amefanywa karani. Haki ya kila mmoja imo katika kitenzi. Nyimbo za Hornbostel zilikwenda Berlin kwa neno lisilobainisha, na mpaka leo anayezisoma hupata jina la mwandishi kwa urahisi kuliko la mwimbaji.

Kwa hiyo rasimu tunayoipeleka katika kikao kijacho ina vidahizo viwili. "Unukuzi": kuuandika muziki kwa nota au herufi kwa kuusikiliza, anayefanya kazi hiyo ni mnukuzi. "Uvushaji": kuutoa muziki kwenye sauti au ala uliyotungiwa na kuupatanisha na ala nyingine, anayefanya kazi hiyo ni mvushaji, na kazi yake huandikwa "umevushwa na". Tumeweka "uhamishaji" katika mabano kwa ajili ya wale wanaoogopa magendo. Kuhusu "bembezi" na "bembelezi" tumeyaacha yote mawili, kwa sababu hatukumkuta mtu Ifakara aliyetumia lolote kati ya hayo. Walisema "wimbo wa mtoto", basi.

Mwalimu ametuletea nakala ya karatasi yake. Juu ameandika: "Wimbo wa mtoto wa Wandamba. Umenukuliwa na kuvushwa," kisha jina lake. Jina la bibi halipo, kwa kuwa mwenyewe alikataa lisiandikwe, akisema wimbo si wake. Mstari wa mtunzi ameuacha wazi. Wasomaji wa mikoa mingine, hasa walimu wa kwaya na wapiga vinanda, tunawaomba watuandikie maneno wanayoyatumia wao kwa kazi hizi mbili, na watueleze wanaandika nini katika mstari kama huo.